Faida ya Kiwanja Kisichouzwa

Jumatatu, 3 Machi

Tarishi ameleta taarifa za mwaka za kiwanda cha mabati, nakala mbili: yangu na ya dada yangu mdogo, mkunga mstaafu, ambaye barua zake hupitia kwangu. Kwenye jalada Mwenyekiti ameshika bati jipya kwa mikono miwili, kama bwana arusi aliyekabidhiwa cheti. Faida: milioni mia tisa. Mawingu yametanda tangu asubuhi, lakini hayajatoa kitu.

Jumanne, 4 Machi

Nimemaliza kuisoma. Nilikagua hesabu za makampuni katika ofisi ya kodi kwa miaka thelathini na mmoja, na mazoea hayo hayana siku ya kustaafu. Wenye hisa wengi huanza na picha na kuishia kwenye gawio. Mimi huanza na kodi, kwa sababu hapo ndipo kampuni huacha kutabasamu.

Ukurasa wa arobaini na moja. Kodi ni thelathini kwa mia. Kampuni iliyopata mia tisa ingelipa milioni mia mbili na sabini. Hii italipa milioni ishirini na moja. Maana yake ni kwamba mbele ya mkusanya kodi imekiri kipato cha milioni sabini tu. Kwetu mia tisa, kwake sabini.

Tofauti peke yake si dhambi. Kampuni ikinunua mtambo, sheria ya kodi huiruhusu kuondoa gharama yake haraka, ilhali vitabu vyake huiondoa polepole. Pengo hufunguka, kisha miaka ikipita hujifunga lenyewe. Mapengo ya namna hiyo nimeyaona mengi, na sikumkosesha mtu usingizi kwa ajili yake. Lakini kiwanda hiki hakijanunua hata nyundo kwa miaka minne. Tena pengo linapanuka. Mwaka juzi faida ilikuwa mia tano na kodi thelathini na sita. Mwaka jana faida mia saba, kodi thelathini. Mwaka huu faida mia tisa, kodi ishirini na moja. Faida inapanda ngazi, kodi inashuka, nazo zinapishana bila kusalimiana.

Jibu liko chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo. Kiwanda kina kiwanja kitupu nyuma ya ghala. Kila mwaka huitwa mthamini, naye husema kiwanja kimepanda bei. Kupanda huko huandikwa kuwa ni faida. Mkusanya kodi hadai kitu kwa kuwa kiwanja hakijauzwa. Atadai siku kitakapouzwa. Hakuna uongo hata mstari mmoja. Mabati yameingiza sabini. Mia nane na thelathini zilizobaki ni nyasi. Na gawio lililotangazwa ni mia moja na themanini. Mwenye sabini akigawa mia moja na themanini, amekopa. Nimeutafuta mkopo nikaukuta ukurasa wa hamsini na mbili, na rehani yake ni kiwanja kilekile.

Nina hisa elfu nne, dada ana elfu moja. Bei ya hisa zetu hupangwa mara moja kwa mwaka kwa kufuata faida iliyotangazwa. Mwaka huu ni elfu mbili na mia tatu kila moja. Ni bei ya nyasi.

Ijumaa, 7 Machi

Presha 140 kwa 90.

Kila Ijumaa dada huja kunipima kwa kile kipimo chake cha zamani, cha kupuliza kwa mkono na kusikiliza kwa masikio. Sahani ya namba huielekeza kwake. Mimi huzijua namba zangu kwa kinywa chake tu, naye hajanificha hata siku moja, ziwe nzuri ziwe mbaya. Huziandika katika kidaftari chenye jalada jekundu.

"Kaka, punguza chumvi."

"Sili chumvi."

"Basi punguza hasira. Nayo ina chumvi."

Amepata kiinua mgongo chake, milioni tisa na nusu. Miaka thelathini ya kupokea watoto wa watu. Nyumba yake inavuja tangu mwaka juzi, kwa hiyo nilidhani ataezeka.

"Nitaezeka kwa gawio," alisema. "Fedha yenyewe nanunulia hisa. Bati ukiliweka juu linaota kutu. Hisa inazaa."

"Ezeka kwanza."

"Kaka, mimi mambo ya kuzaa nayajua."

Mke wangu alicheka hadi akaweka chini kikombe. Nilimpa dada nakala yake, nikaikunja ncha ya ukurasa wa arobaini na moja, nikamwambia ausome huo kabla ya kufanya lolote. Aliitia kwenye mkoba pamoja na kipimo.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua imeanza. Imenyesha saa sita mfululizo.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda kukitazama kiwanja. Kiko bondeni, nyuma ya ghala, na mvua ya siku nne imetosha kukifanya bwawa. Vyura wanaimba humo kama wamelipia. Katikati kimesimama kibao, maji yakikifika kiunoni: KIWANJA HIKI HAKIUZWI. Mlinzi alinijia akiwa na mwavuli uliovunjika mbavu.

"Mzee, unatafuta nini huku?"

"Natafuta faida yangu."

"Basi vua viatu."

Ijumaa, 14 Machi

Presha 140 kwa 85. Amefurahi kana kwamba ni yake.

Jumapili, 16 Machi

Nilikwenda kwa dada kumweleza habari ya kiwanja. Nilijiandaa, niliandika namba zote kwenye karatasi moja, kwa mpangilio ambao hata mtoto angeufuata.

Nilikuta sebule imejaa. Majirani wamekuja kumpongeza kwa kustaafu, wanawake kumi au zaidi, nusu yao amewazalisha. Sufuria tatu na beseni moja zilikuwa sakafuni zikipokea matone, na watu wamezipisha kama wageni waheshimiwa. Mmoja alisema, "Mwenye kiwanda cha mabati ananyeshewa!" na dada ndiye aliyecheka kuliko wote.

Nilitoa karatasi yangu. Nilisema kwamba faida ya kwenye vitabu na kipato kinachotozwa kodi ni vitu viwili, na kwamba pengo lililo kati yake ndilo linalopasa kusomwa. Sikufika sentensi ya tatu.

"Jamani, mvumilieni kaka yangu," dada alisema. "Huyu akifika mlango wa peponi, kabla ya kuingia ataomba risiti."

Walicheka. Mmoja alijifuta machozi kwa kanga. Mwingine alisema, "Bwana Kasoro!" na kicheko kikaanza upya.

Jina hilo alinipa yeye, dada, miaka kumi na minne iliyopita, siku niliporudisha kadi za arusi ya binti yangu mwenyewe kwa mchapaji kwa sababu ya tarehe iliyokosewa. Tarehe ilikuwa imekosewa kweli. Mtaa haukumbuki hilo, unakumbuka jina. Watoto wananiamkia kwa jina hilo wakidhani ndilo nililopewa na wazazi wangu. Yeye wanamwita Mama wa Wote.

Niliikunja karatasi, nikaitia mfukoni, nikanywa chai yangu hadi mwisho. Tone moja liliniangukia shingoni. Nilisogeza kiti.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeamua kuuza hisa zangu zote.

Jumanne, 18 Machi

Hisa za kiwanda hiki haziuzwi sokoni. Mwenye kuuza humtafuta mnunuzi mwenyewe, kisha wote wawili hufika kwa karani wa daftari. Nimemwendea muuza viatu wa kona, mwenye fedha zake. Aliendelea kupiga msumari kwenye soli.

"Bwana Kasoro akiuza ng'ombe, mimi sinunui hata ngozi."

Ijumaa, 21 Machi

Presha 150 kwa 90.

"Nasikia unauza hisa," dada alisema huku akiufungua mkanda kutoka mkononi mwangu.

"Nauza."

"Una shida, kaka? Useme. Mimi nipo."

"Nina miaka sabini na mmoja. Nataka fedha yangu iwe karibu."

"Zote?"

"Zote."

"Niuzie mimi, zisitoke nje ya ukoo."

Nilipiga hesabu ambayo nilikwisha kuipiga tangu Jumatatu. Hisa elfu nne ni milioni tisa na laki mbili. Angebakiwa na laki tatu. Nilimwambia atafakari. Alisema amekwisha kutafakari: kama zilikuwa nzuri kwangu miaka yote hiyo, zitamshinda yeye?

Niliiandika karatasi. Nilimpa ukurasa. Yeye ndiye aliyeufanya mzaha mbele ya watu. Kama angeufungua, angeuliza. Hajauliza, kwa hiyo hajaufungua. Mtu mzima hulishwa mara moja.

Jumamosi, 22 Machi

Wakati wa staftahi mke wangu aliuliza, "Dada yako anajua?"

"Kitabu anacho."

"Sikuuliza ana nini. Nimeuliza anajua?"

Nilimwomba sukari.

Jumanne, 25 Machi

Ofisi ya daftari ni chumba kimoja kilicho juu ya ghala, chenye benchi la wauzaji upande huu na la wanunuzi upande ule, na feni inayolia kila ikizunguka. Karani ni kijana nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni. Daftari lenyewe hubebwa kwa mikono miwili. Waasisi wa kiwanda waliweka utaratibu mmoja ambao haujafutwa: kabla ya sahihi, karani humwuliza muuzaji swali, na jibu lake huandikwa katika kisanduku, neno kwa neno.

Dada alikuwa amevaa gauni lake la sherehe. Hundi alikuwa ameifunga ndani ya kitambaa ili isilowe.

Karani alisoma: "Muuzaji, kuna jambo lolote ambalo mnunuzi anapaswa kulijua?"

Dada aliinua uso. Kalamu tayari ilikuwa mkononi. "Eti, kaka. Kuna ubaya wowote?"

Sijawahi kusikia feni ikilia vile. Dirisha lilikuwa wazi, na chini yake niliona kiwanja chote, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na kibao ambacho sasa kilikuwa kimebakiwa na neno moja juu ya maji.

Nilisema, "Hesabu za kampuni ni sahihi. Hazina kosa hata moja."

Karani aliandika. Aliuliza kama "hata moja" nalo liandikwe. Nikamwambia, kila neno.

"Haya!" dada alisema na kutia sahihi. "Kama Bwana Kasoro hakuona kosa, basi halijazaliwa."

Karani alicheka. Nami nilitabasamu, kwa kuwa ilikuwa zamu yangu.

Tukiwa tunashuka ngazi alinishika kiwiko nisiteleze.

Jumatano, 26 Machi

Nimeiweka hundi benki. Mvua.

Ijumaa, 28 Machi

Presha 160 kwa 95. Amerudia kupima mara mbili. "Mkono huu una maneno, kaka. Hulali?"

Ninalala.

Ijumaa, 4 Aprili

165 kwa 95. Alikuja kwa miguu, mfuko wa plastiki kichwani, viatu mkononi. Anabana nauli mpaka gawio litoke tarehe thelathini. Amekwisha kumwonyesha fundi paa, na wameelewana bei. "Fundi anasema nichague rangi. Nimechagua nyekundu. Utaniona kutoka barabarani."

Mke wangu alinitazama muda wote. Mimi nilitazama sahani ya namba, ambayo ilikuwa imeelekezwa upande wa pili.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua haijakatika kwa siku tisa. Ukuta wa nyuma wa ghala umeanguka usiku wa jana.

Ijumaa, 11 Aprili

170 kwa 100. Ameniletea dawa alizozinunua mwenyewe. Nilitaka kumlipa akakataa. "Mwenye hisa elfu tano adai fedha ya vidonge?"

Jumanne, 22 Aprili

Nimepita kiwandani, ingawa sina tena shughuli huko. Benki imemleta mthamini wake yenyewe, si yule wa kiwanda. Alikuwa amevaa buti za mpira zinazofika gotini na kushika fimbo ndefu. Alipiga hatua nne ndani ya kiwanja, akachoma fimbo, akatazama ilipolowa, akarudi. Hakuandika mengi. Mlinzi alinitambua.

"Mzee, ile faida yako uliipata?"

"Niliipata."

"Una bahati. Huyu ameikosa."

Jumatano, 30 Aprili

Tangazo langoni: gawio limeahirishwa.

Ijumaa, 2 Mei

175 kwa 100. Hakutania. Alisema fundi paa amerudi kuulizia, akamwambia asubiri wiki mbili. Akauliza, "Kuahirishwa si kufutwa, sivyo, kaka? Wewe unajua mambo haya."

Nilisema kwamba kwa lugha ya kawaida si kitu kimoja.

Jumatatu, 5 Mei

Lango la kiwanda limefungwa kwa mnyororo. Benki imekataa kuongeza muda wa mkopo, kwa kuwa rehani iko chini ya maji. Mwenyekiti hajulikani alipo. Gari lake limeonekana likipakia magodoro. Mfilisi ameteuliwa. Wenye hisa walisimama kwenye mvua wakimwuliza karani wa daftari bei mpya ya hisa ni ngapi, naye akawa anarudia sentensi moja tu: "Hakuna bei." Dada alikuwa mbele kabisa. Sikukaribia. Nilimjua kwa gauni lake la sherehe.

Ijumaa, 9 Mei

Dada hakuja. Ni Ijumaa ya kwanza kukosa katika miaka sita.

Jumatatu, 12 Mei

Mke wangu amesema neno lake la kwanza tangu Ijumaa.

"Mrudishie."

"Mauzo yalikamilika kwa mujibu wa utaratibu. Karani aliuliza, nikajibu. Limeandikwa."

"Fedha iko benki, haijaguswa. Mrudishie, ezeka nyumba ya dada yako, tufe kwa amani."

Nilimweleza kwamba kumrudishia ni kukiri kosa, na kosa halikuwapo. Taarifa ilikuwa mikononi mwake na ukurasa ulikuwa umekunjwa. Kama ningemrudishia yeye kwa kutosoma, wangelipwaje wengine wote ambao hawakusoma?

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayesoma kibao cha dukani, "Siku zote nilimlaumu wifi kwa lile jina alilokupa. Kumbe alikupunguzia."

Jumatano, 14 Mei

Mke wangu alikwenda kwa dada na unga, mafuta na vibiriti. Alirudi amelowa. Anasema alimkuta amesimama juu ya kiti akimimina beseni dirishani, na hakulia wala hakulalamika. Aliulizia presha yangu. Kisha alimpa mke wangu ile taarifa ya mwaka, ili nirudishiwe, kwa kuwa, alisema, haina tena kazi kwake.

Imevimba kwa maji. Ilifunguka yenyewe kwenye ukurasa wa arobaini na moja.

Ile milioni ishirini na moja imezungushiwa duara kwa penseli. Pembeni, kwa ule mwandiko wake wa kadi za kliniki, kuna maneno haya: "9 Machi. Mbona kodi ni ndogo hivi na faida kubwa? Nimuulize kaka."

Chini yake, kwa kalamu ya wino, mstari mwingine: "25 Machi. Nimemuuliza."

Alhamisi, 15 Mei

Nimeianika taarifa karibu na jiko.

Ijumaa, 16 Mei

Amekuja.

Alibisha hodi kama kawaida, akaacha viatu mlangoni, akamkumbatia mke wangu, akaketi. Amekonda. Alifungua kisanduku, akautoa mkanda, akaniambia nikunje mkono wa shati. Nilikuwa na maneno yangu tayari. Niliyaandaa tangu juzi, yakiwa na mwanzo, kati na mwisho. Alinyanyua kidole: mtu anayepimwa hasemi.

Alipuliza. Mkanda ulinibana hadi vidole vikafa ganzi. Akasikiliza huku anaiachia hewa polepole, macho yake kwenye sahani. Nilimwona akikaza macho. Akapuliza tena, akasikiliza tena. Mara ya tatu hakupuliza. Alivua vile vya masikioni, akachukua kidaftari chekundu, akaandika, akakifunga.

"Ngapi?" niliuliza.

Aliukunja mkanda vizuri, akautia kisandukuni, akabana kifuniko. Halafu akanitazama usoni, bila hasira, kama alivyowatazama wake za watu kwa miaka thelathini kabla ya kuwaambia habari nzito.

"Kipimo changu ni sahihi, kaka," alisema. "Hakina kosa hata moja."

"Dada. Ni ngapi?"

"Wiki ijayo sitakuja. Nimepata kazi ya kukesha na wagonjwa, mtaa wa tatu. Natafuta fedha ya paa."

Alivaa viatu. Mke wangu alimsindikiza hadi barabarani, na walisimama pale kwa muda mrefu. Walikuwa wamejifunika mwavuli mmoja. Sikuweza kusikia walichosema.

Jumamosi, 17 Mei

Nimemuuliza mke wangu kama dada alimtajia namba. Alisema hakumuuliza.

Ijumaa, 23 Mei

Mvua imekatika. Jua limetoka tangu alfajiri na mtaa mzima umeanika magodoro. Zahanati iko mwendo wa robo saa. Wanapima bure, na wanakuandikia namba kwenye karatasi ukaisome mwenyewe.

Nimevaa viatu saa tatu asubuhi. Sasa ni saa kumi na moja jioni. Bado nimevivaa.